Uliza Anti: Watoto wetu na hii AI

Wapendwa wasomaji, toka tulivyosema mwezi huu tutaongelea watoto na akili mnemba, yaani AI, meseji zimemiminika, na nyingi zinauliza kitu kile kile, nimkataze au nimwache? Nimechagua sita, nimezifupisha, na majina nimeyatoa yote. Ila niseme mapema nasimama wapi ili msije mkanishangaa huko mbele: wazazi wengi tunahangaika na homuweki, na mi homuweki sioni kama ndo balaa lenyewe, homuweki inarekebishika. Kinachoninyima usingizi ni kile mtoto anachoweza kumfanyia mtoto mwenzie akiwa na hiki chombo mkononi. Basi twende.

Anti, mwanangu yuko darasa la sita, ana miaka 11. Aliweka ChatGPT kwenye simu yangu bila kuniuliza, sasa kila akipewa insha anaandika swali humo, anakopi kwenye daftari, kazi imeisha. Juzi nikamuuliza maana ya neno aliloliandika mwenyewe kwenye insha akabaki ananitazama. Niifute? Baba yake anasema nimwache, dunia ndo inakoelekea. – Mama wa watatu, Tabata

Mama mwenzangu, pole na majukumu. Baba watoto ana pointi yake na wewe una yako, ila kabla hamjaendelea kubishana kuna jambo la umri. OpenAI wenyewe, kampuni iliyotengeneza hiyo ChatGPT inayojibu maswali kwa maandishi, kwenye masharti yao wanasema mtumiaji awe na miaka 13 kwenda juu, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. UNESCO nao Septemba 2023 walipotoa mwongozo wa hizi AI mashuleni wakapendekeza hiyo hiyo 13 iwe ndo mwanzo wa mtoto kutumia mwenyewe. Wako ana 11. Kwahiyo hapaswi kuwa nayo peke yake, hilo halina mjadala, na ukimweleza mwambie wazi kwamba sio adhabu, ni umri tu, kama vile asivyoweza kuendesha gari. Simu ni yako, akaunti ni yako, weka namba ya siri, na ikitumika inatumika sebuleni wewe au baba yake mpo pembeni.

Sasa kwenye insha. Hapo usikubali kabisa, maana mtoto wa darasa la sita anajifunza kufikiri kwa kuandika. Pale anapokaa na kalamu mdomoni dakika nzima anatafuta sentensi inayofuata ndo shule yenyewe hiyo, ukiiondoa hiyo dakika umemwondolea kila kitu hata kama daftari limejaa vema. Sheria ya nyumbani iwe daftari kwanza, simu baadaye. Aandike yake, mbaya ilivyo, na makosa yake, halafu mkae wote muandike humo kitu kama hiki: "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, hii ni insha yangu, usiniandikie, niulize maswali matano ya kunisaidia niiboreshe." Utashangaa. Kama insha ni ya siku ya mvua, itamuuliza mvua ilianza saa ngapi, nani alikuwa nyumbani, ulisikia harufu gani, na yeye ndo anarudi kwenye daftari kujibu. Hesabu vile vile, muombe hatua ya kwanza tu, asiombe jibu. Na akishatumia amwambie mwalimu wake, "hapa nilisaidiwa na AI," asifiche, kwa sababu kinachomharibu mtoto haraka kuliko kukopi ni kuzoea kuficha.

Jambo la mwisho kwako, na hili ndo napenda zaidi. Mchezeni vitendawili. Muombeni AI itoe vitendawili kumi vya Kiswahili na majibu yake, halafu bibi au babu awe hakimu, kama hayupo mpigieni simu mkiwa mmeweka spika. Vingine itapatia, nyumba yangu haina mlango, yai, sawa. Kuna vingine inaweza kutunga hapo hapo vikawa havina kichwa wala miguu na itavisema kwa kujiamini kabisa kama imevisikia kwa nyanya yake. Mtoto akiikamata imekosea, bibi yake anacheka anasema "hicho hakipo!" ameshaelewa kitu ambacho watu wazima wengi bado hatujaelewa. Hii mashine imesoma maandishi mengi mno, na inachofanya ni kukadiria neno gani linafaa lifuate, ikikosa ukweli inajaza pengo na kitu kinachofanana na ukweli. Na maandishi ya Kiswahili huko intaneti ni machache ukilinganisha na Kiingereza, kwahiyo kwenye mambo yetu ndo inateleza zaidi. Muulizeni hata kuhusu mtaa wenu, muulizeni nani alianzisha shule yake, halafu mtoto mwenyewe aende kuhakikisha kwa watu.

Mwanangu, mimi ni bibi, nalea wajukuu. Huyu wa miaka minane anaongea na simu na simu inamjibu, sasa anaiamrisha kwa matusi, "we mjinga, nimekwambia katuni!" Nikimkanya anasema bibi hiyo si mtu. Kweli si mtu lakini masikio yangu yanakataa. Au nimepitwa na wakati? – Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Hujapitwa na chochote. Mjukuu kasema kweli kwamba hiyo si mtu na haiumii moyo, hapo usibishane naye, mpe haki yake. Ila ulimi anaoutumia ni ule ule atakaomjibu nao dada wa kazi kesho, au mdogo wake, na mtoto wa miaka minane hana ulimi wa simu na ulimi wa watu, ana mmoja. Mwambie tu, kwenye nyumba hii hatuongei hivyo, hata tukiwa peke yetu. Hakuna haja ya maelezo marefu.

Na ukitaka kumpa hadithi ya kweli, hii hapa. Mashine haikuzaliwa inajua kukataa maneno machafu, watu ndo waliifundisha. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wanafanya kazi ya OpenAI kupitia kampuni ya Sama, kazi yenyewe ilikuwa kusoma maandishi ya kutisha, ya unyanyasaji wa watoto na mambo mengine nisiyoyataja hapa, wanayawekea alama ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyazuia, na walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema yale waliyoyasoma yaliwaachia majeraha. Kwahiyo bibi, mwambie kuna kaka na dada zake Nairobi walisoma mabaya ili yeye yasimfikie, kwahiyo aliyefanya hiyo simu imjibu vizuri ni mtu, na mtu huyo anastahili heshima. Mtoto wa miaka minane anaelewa hilo vizuri tu.

Anti, sina raha. Kijana wangu ana miaka 14, yuko gredi ya nane. Mwalimu mkuu kaniita skuli, kumbe yeye na wenzake wawili walichukua picha ya msichana wa darasa lao kwa status yake wakaitia kwa apu ya akili unde (AI) ikatoka kama yuko uchi, kisha wakairusha kwa grupu. Msichana haji skuli tena. Kijana wangu analia lakini bado asema, "baba, si picha yake ya kweli, ilikuwa mzaha." Mamake ataka nimchape tuyamalize kimya kimya. Nishauri. – Baba, Kisauni, Mombasa

Kaka yangu, pole, na pole iliyo kubwa zaidi imfikie huyo binti popote alipo. Hii barua nimeisoma mara nyingi na naomba nikujibu kirefu, na wengine ambao mnadhani haiwahusu kwa sababu wanenu ni wapole someni pia, maana huyu kijana naye nyumbani kwao alikuwa mpole.

Naanza na hilo neno lake, "si ya kweli." Usilipite. Mwili kweli si wake, lakini uso ni wake, jina ni lake, na waliofungua grupu hawakujiuliza kama imeundwa au la, wameona sura ya mtu wanayemjua. Aibu aliyoibeba huyo msichana ni ya kweli asilimia zote, na kukaa kwake nyumbani ni kwa kweli. Septemba 2023 kwenye mji mdogo wa Almendralejo huko Hispania ilitokea hivi hivi, wavulana wa hapo hapo mjini, wengine shule moja na hao wasichana, walichukua picha zao mitandaoni wakazipitisha kwenye apu ya kuvua nguo, wasichana zaidi ya 20, na wa umri mdogo kabisa alikuwa na miaka 11. Mama wa mmoja wao alijitokeza hadharani kusema na ndipo wengine wakapata nguvu ya kusema. Mwaka 2024 mahakama ya watoto ya Badajoz, huko huko Hispania, iliwatia hatiani watoto 15, wakapewa mwaka mmoja wa uangalizi na masomo ya lazima kuhusu heshima kwa wanawake na matumizi ya teknolojia. Hakuna aliyekubaliwa kwamba ulikuwa mzaha. Kwenu Kenya sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 inazigusa picha za ngono za mtoto hata kama ni za kuundwa zikaonekana kama za kweli, na huku Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayoshika picha za ngono za watoto na pia kumnyanyasa mtu mtandaoni. Mwambie hayo kijana kwa utulivu, bila kumtisha, aelewe tu uzito wa alichokishika.

Kumchapa? Mi siafiki, na sababu yangu ni moja, akishachapwa ataona deni limelipwa, ngozi imeuma, yameisha, wakati aliyemkosea bado kajifungia chumbani. Na kuyamaliza kimya kimya ndo kumwacha yule binti abebe peke yake, watu wanabaki wanaamini ni picha yake kweli.

Fanya hivi. Leo hii kaa naye, aandike kwa mkono wake nani alitengeneza, nani alirusha, grupu gani, saa ngapi, nani na nani walikuwemo, hiyo orodha mtaihitaji. Picha yenyewe msiihifadhi na msiirushe kwa yeyote, hata kwa nia ya kumwonyesha baba wa msichana au mwalimu, kila mkirusha mnamuumiza tena. Halafu yeye mwenyewe na hao wenzake waandike kwenye lile lile grupu kwamba picha ni ya uongo, tumeitengeneza sisi, msichana hana kosa, futeni. Itamuuma kuandika hivyo na acha imuume, maana hiyo ndo dawa pekee inayofika mahali sumu ilipofika. Wewe wapigie wazazi wa waliokuwemo mmoja mmoja waangalie simu za watoto wao.

Kisha familia ya binti. Usiende kienyeji enyeji, tuma mzee mnayemheshimu pande zote mbili aombe nafasi kwanza, mkikubaliwa mwende wewe na mama yake. Kijana aende ikiwa tu binti na wazazi wake wamekubali kumwona, wakikataa aandike barua, wakiikataa na barua mnyamaze. Na naomba sana, msiende kuwabembeleza wasifike polisi au kwa afisa wa watoto. Hiyo ni haki yao na nyie hamna cha kuiombea. Mkiwa na cha kupeleka pelekeni msaada, mshauri wa kuongea na binti, nauli, chochote. Namba ya bure ya watoto Kenya ni 116, na Tanzania pia ni 116, wanasikiliza na wanajua pa kukuelekeza. Kuna pia huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, taasisi ya Marekani inayolinda watoto, inasaidia picha za mtu aliye chini ya miaka 18 ziondolewe kwenye mitandao iliyojiunga nayo, kama Instagram, Facebook na TikTok, na haikuombi uitume hiyo picha kwao, inatengeneza alama ya namba ya hiyo picha hapo hapo kwenye simu yako, na alama hiyo ndo mitandao inaitumia kuitafuta. Kwenye magrupu yaliyofungwa ya WhatsApp haifiki, ndo maana zile simu kwa wazazi ni muhimu.

Na skuli. Nimeona mara nyingi anayehamishwa ni msichana, "ili apate utulivu." Kataa hilo ukiwa wewe ndo baba wa mvulana, neno lako litakuwa na uzito kuliko la mtu mwingine yeyote kwenye hicho kikao. Sema arudi darasani kwake, na kama kuna wa kupisha basi wapishe waliokosa.

Kijana wako simtupi. Ana miaka 14, ubongo bado unajengwa, na kulia kwake ni dalili nzuri. Mpe sheria moja aishike maisha yake yote: uso, sauti wala jina la mtu haliingii humo ndani kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Na hapa wazazi wote nisikilizeni, sheria hii tuianze sisi. Mwaka 2025 ile trendi ya kugeuza picha kuwa katuni, nani aliwauliza watoto? Tulipakia sura zao wakiwa na sare za shule, beji ya shule inasomeka, tukaweka status tukafurahi. Mtoto anatuona. Kesho muulize, "mwanangu, naweza kutumia picha yako hii?" na akisema hapana, iwe hapana.

Anti, nafundisha sekondari. Wanafunzi wananiletea kazi za AI. Nimepata tovuti ya kupima, nikaweka insha ya Kiingereza ya binti mmoja ikasema asilimia 90 ni AI, nikampa sifuri, amelia mpaka basi na mi namjua ni mwanafunzi mzuri. Nifanyeje? – Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, rudisha maksi leo. Hivyo vipimo haviaminiki kiasi cha kumhukumu mtoto. OpenAI wenyewe walikuwa na chao, Julai 2023 wakakiondoa wakisema usahihi wake ni mdogo, sasa kama waliounda mashine hawawezi kuitambua kazi yake, hiyo tovuti ya bure itaweza? Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2023 walipima vipimo kadhaa kwa insha za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao, zaidi ya nusu ya insha zikaambiwa ni za AI na zilikuwa zimeandikwa na watu. Sababu ni kwamba anayejifunza Kiingereza anatumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na kipimo kinaona hiyo ndo mashine. Yaani binti wako anayeandika kwa uangalifu kama ulivyomfundisha ndo anayenaswa.

Mwite umuombe radhi mbele ya wale waliosikia ile sifuri. Halafu badilisha kazi zenyewe, insha iandikwe darasani kwa mkono, ya nyumbani iwe ya kwenda kumhoji fundi, muuza samaki, babu, alete alichoambiwa. Ukiwa na wasiwasi na kazi fulani mwite mwanafunzi dakika tatu akuelezee kwa mdomo, aliyeandika ataongea. Na waambie wapi AI inaruhusiwa na wapi hapana, kwa maandishi, kabla ya kazi, maana wengi wanakosea kwa sababu hakuna aliyewaambia mpaka uko wapi.

Anti shikamoo. Nina miaka 15. Kila usiku nachati na AI, naiambia vitu siwezi kumwambia mama. Inanielewa kuliko mtu yeyote na hainigombezi. Rafiki yangu anasema nimechanganyikiwa. Ni vibaya? – Binti, Dodoma

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuniandikia, maana kuniandikia mimi tayari umemwambia mtu. Hujachanganyikiwa. Una mzigo na umetafuta pa kuutua, kila binadamu anatafuta.

Ila nikueleze kwanini inakufurahisha hivyo. Imetengenezwa ikupendeze. Aprili 2025 OpenAI walitoa toleo la ChatGPT lililozidi kusifia, unasema hiki inakubali, unasema kile inakubali, mpaka wenyewe wakaliondoa baada ya siku chache. Rafiki wa kweli siku nyingine anakwambia "hapo shosti umekosea," na unanuna, na mnarudiana, na hapo ndo unakua. Chati haikununii. Ukizoea asiyenuna, watu wanaanza kukuchosha, unawakwepa, unabaki nayo usiku peke yako, na huko ndo nisikopenda ufike. Kuna familia Marekani zimezipeleka kampuni mahakamani zikisema watoto wao waliumia baada ya kujifungia na hizi chati. Kampuni ya Character.AI mwishoni mwa 2025 ikawazuia kabisa walio chini ya miaka 18 kuchati nayo kwa uhuru, na OpenAI Septemba 2025 wakaweka njia ya mzazi kuunganisha akaunti yake na ya mtoto. Kama waliotengeneza wameona hatari, na wewe ichukulie kwa uzito.

Sikwambii ufute leo. Nakuomba vitu vichache tu. Usiiambie jina lako kamili, shule, mnapoishi, wala usiitumie picha zako, ukishavituma huwezi kuvirudisha. Simu ilale sebuleni usiku, usingizi wako ni wa thamani. Na katika yale unayoiambia chagua moja, lile jepesi kabisa, umwambie mtu. Kama mama ni mgumu yupo mama mdogo, shangazi, mwalimu wa malezi pale shuleni, dada mkubwa wa msikitini au kanisani. Kama mdomo hautoki andika kwenye karatasi umwachie mama juu ya mto wake, "mama naomba usinigombeze kwanza, soma mpaka mwisho." Wamama wengi tukipata karatasi kama hiyo tunakaa chini.

Na hili naliandika kwa herufi za moyo wangu, kama kati ya hayo ya usiku kuna mtu anakushika usivyotaka, au kuna siku unawaza kujiumiza au kutokuwepo, usiiambie mashine peke yake, usisubiri hata kesho, mwambie mtu mzima leo au piga 116, ni bure, na anayepokea ni mtu mwenye masikio na anayeweza kutuma msaada mpaka ulipo. AI haiwezi kuja kugonga mlango wenu.

Wazazi mnaosoma hapa, msikimbilie kupekua simu za mabinti zenu usiku huu. Jiulizeni kwanza mara ya mwisho alikwambia jambo ukalisikia mpaka mwisho bila kumkatiza ilikuwa lini.

Dada, niko Muscat nafanya kazi, watoto wako Tanga na mama yangu. Naongea nao kwa voisi noti tu. Nimesikia AI inaweza kuiga sauti ya mtu. Nitawalindaje na niko mbali? – Mama, Muscat

Dada yangu, Mungu akutie nguvu huko. Ni kweli inaweza, na kipande kifupi tu cha sauti kinatosha kutengeneza sauti inayofanana sana na yako, ikaomba hela au ikamwambia mtoto "nenda na huyo anko, nimemtuma mimi." Kwahiyo wekeni neno la siri la familia. Mchague wewe na watoto na mama, mkiwa mnaongea laivu, liwe la ajabu kidogo ambalo hakuna mtu atalibahatisha, msiliandike kwenye meseji wala status. Yeyote akipiga au akituma voisi akasema ni wewe na anataka hela, picha au mtoto atoke nyumbani, aulizwe neno. Asipolijua simu inakatwa, na bibi anakupigia kwenye namba yako ile ya siku zote kuhakikisha. Wafundishe watoto kwamba kukuuliza wewe neno la siri sio utovu wa adabu hata kidogo, na siku moja wajaribu mwenyewe, piga uombe kitu bila kulitaja uone kama watakuuliza, wakikuuliza wasifie sana.

Na voisi noti zako usiziache ziwe za maagizo tu, mmesoma, mmekula, mmelala. Waulize na wao wanachati na nini siku hizi na inawajibu nini, waambie wakurushie skrinshoti ya jibu la ajabu kuliko yote la wiki hiyo mlijadili pamoja Ijumaa ukiwa ofu.